Arobaini na Sita ya Mkwaja

Barua ya kwanza kutoka Muscat ilishauri mtoto wetu wa pili arudishwe nyuma madarasa mawili. Iliandikwa kwa adabu: kwa kuzingatia ripoti iliyowasilishwa, uongozi wa shule unaona ataelemewa. Baba watoto alinisomea kwa simu, spika imewashwa, nami nimekaa barazani kwa mama mkwe pamoja na wifi, mjomba na jirani aliyekuja kuomba kaa la moto. Mtoto mwenyewe alikuwa pembeni anachonga kingalawa cha kuchezea. Akaacha kuchonga.

Kimya kikapita. Kisha mama mkwe akauliza, "Wanamsema nani?" Maana mtoto huyo ndiye anayemsomea maandishi ya kwenye dawa zake, ndiye anayempigia hesabu wachuuzi wa nazi wanapokuja kununua, na katika darasa la watoto zaidi ya sabini alishika nafasi ya tatu.

Safari ilikuwa imeanza vizuri. Mume wangu ni fundi wa injini za meli. Miaka mingi alikuwa wa kwenda na kurudi kati ya Tanga na Dar es Salaam, sisi tukibaki Mkwaja, kusini mwa Wilaya ya Pangani, pale vijiji vinapopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Alipopata mkataba Muscat unaomruhusu kwenda na familia, hakuna aliyeshangaa. Pwani hii ina ndugu Omani kama ilivyo na ndugu Unguja. Wengi walikwenda huko baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita wenye asili ya nchi ile warudi kuijenga. Wakati huo Omani nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Leo Muscat kuna shule za kila namna, na kuna nyumba ambako watu bado huamkiana kwa Kiswahili. Nilidhani viza ndiyo mlima. Tulipoipata, ndipo mlima wa shule ulipojitokeza nyuma yake.

Kila jioni baba watoto alituma ujumbe wa sauti kueleza shule aliyoitembelea, nasi tukamsikiliza nyumba nzima. Za serikali hufundisha kwa Kiarabu, na Kiarabu cha wanangu ni cha kusomea msahafu. Za mtaala wa Kihindi zina nafuu ya ada, na mwaka wao wa masomo huanza Aprili. Za mtaala wa Uingereza huanza Septemba na humpanga mtoto kwa umri. Kuna na zinazofuata IB, mpango uliozaliwa Geneva mwaka 1968 kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao huhamahama kikazi. Kwetu sisi mwaka huanza Januari, kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anayehama huingia katikati popote aendako: ama wenzake wamemtangulia kwa miezi, ama yeye anakaa nyumbani miezi akisubiri mlango ufunguliwe.

Kuhama na watoto kwa ajili ya kazi kupo nchini kwetu siku nyingi, ila tumekuzoea kwa upande wa pili. Shule ya kimataifa ya Moshi ilianzishwa mwaka 1969 kwa sababu wataalamu wa kigeni waliokuja kwa ajili ya hospitali ya KCMC walikuwa na watoto, na watoto wale walihitaji mahali pa kusoma. Wao walijengewa shule chini ya Kilimanjaro. Fundi wa meli akihama na wanawe, hajengewi. Anaomba nafasi, tena kwa unyenyekevu.

Siku baba watoto alipotaja ada ya moja ya shule zile, "elfu moja na mia nne kwa mwaka", mama mkwe alifungua pindo la kanga palepale, akatoa noti ya elfu mbili. "Lipeni, chenji wakanunulie daftari." Wifi akamweleza taratibu kwamba hizo ni rial. Rial ya Omani imefungwa kwa dola, na tangu mwaka 1986 moja ni dola 2.6; kwa shilingi zetu moja hiyo inavuka elfu sita. Mjomba, ambaye akitazama tenga la samaki hujua bei yake kabla halijafika mnadani, alipiga hesabu mchangani kwa kijiti, akaifuta kwa mguu kabla dada yake hajaiona jumla.

Zikaja karatasi. Shule zote zilitaka mambo yaleyale: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za miaka miwili na barua ya uhamisho, vyote kwa Kiingereza na vyote vimegongwa mihuri. Kadi ya kliniki ya kitindamimba tuliikuta salama ndani ya kitabu cha maulidi. Ripoti za kifunguamimba, binti yetu, zilikuwa kwenye sanduku la mbao chumbani kwa bibi yake, na mchwa walikuwa wamekula Kidato cha Kwanza chote wakaacha sahihi ya mkuu wa shule. Mtoto wa pili naye alikuwa na majina mawili. Kwenye cheti ana jina la baba yake. Kwenye daftari la shule ana jina la babu, kwa kuwa siku ya kuandikishwa alipelekwa na bibi, na bibi alipoulizwa huyu ni wa nani alimtaja mumewe, Mungu amrehemu. Pasipoti ilikuwa na majina yote: lake, la baba na la babu. Nani aape mbele ya hakimu kwamba watu hao ni mtu mmoja? Mimi.

Ilikuwa masika. Njia ya kwenda Pangani, kupitia Kipumbwi na Mwera hadi Bweni, ilikuwa tope tupu, na gari likikwama abiria hushuka, wanaume wakasukuma, wanawake wakashika viatu na watoto. Wifi alikuwa amenifungia bahasha ya nyaraka katikati ya furushi la ng'onda wa kumpelekea shangazi mjini, akiamini hapo hakuna mwizi atakayenusa mara mbili. Bahasha ilivuka mto kwa pantoni bila kulowa, lakini tangu mahakamani hadi steshenari, kila aliyeipokea aliinua uso kunitazama. Hati ya kiapo ikatoka. Ripoti za Kiswahili tukazituma Dar es Salaam zikatafsiriwe rasmi. Kijana wa steshenari akatoa kopi, akaskani, akatuma, nami nikarudi Mkwaja usiku nimechoka, nina furaha.

Kilichofuata ni usaili kwa simu ya video. Mtandao Mkwaja upo, ila kwa nyumba yetu hushika vizuri mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya minazi. Baba watoto alisema saa tatu asubuhi, tukajiandaa kwa saa tatu. Saa tatu yake ilikuwa ya Muscat, na Muscat wako mbele yetu kwa saa nzima. Simu ililia saa mbili, binti yuko bafuni, mtoto wa pili yuko ufukweni na mjomba wanavuta ngalawa. Wifi alikimbia akiita hadi sauti ikampotea. Mtoto alifika anahema, magamba ya samaki mikononi, tukamvisha kanzu ya Ijumaa juu ya bukta iliyolowa na kumpandisha kichuguuni.

Mwalimu wa kule alikuwa mpole, sina la kumlaumu kwa hilo. Alimwonyesha picha ya bustani yenye theluji na watoto wamevaa makoti, akamtaka aieleze kwa Kiingereza. Mwanangu aliitazama sana. Alijibu jina lake na umri wake, akajibu idadi ya watoto waliomo pichani, kisha akanyamaza. Picha ikaganda, ikarudi, ikaganda tena. Zamu ya dada yake ikawa nyingine kabisa. Yeye yuko sekondari, masomo kwake ni ya Kiingereza, na alipoulizwa anapenda nini alieleza kasa wanaotaga Madete, ndani ya hifadhi: jinsi mayai yanavyokaa mchangani kama miezi miwili, jinsi vifaranga vinavyofuata mwanga wa bahari usiku, na jinsi taa ya nyumbani inavyoweza kuvipoteza njia. Mwalimu akawa ndiye anayeomba aendelee. Binti alikubaliwa. Mdogo wake akaletewa ile barua.

Binti ndiye aliyegundua. Aliomba apigiwe picha ya barua na viambatisho vyake, akakaa navyo jikoni, kisha akaja mbio. "Mama, wamesoma arobaini na sita kama asilimia!"

Katika shule zetu za msingi somo huwa na alama 50. Hata mtihani wa taifa ndivyo ulivyo, na kuanzia 41 hadi 50 ni daraja A. Mwanangu alikuwa na 46 ya Hisabati, 44 ya Sayansi, 48 ya Kiswahili, na 33 ya Kiingereza. Mfasiri alifasiri kila neno la ripoti kwa uaminifu, lakini ripoti yenyewe haikutaja popote kwamba alama ni kati ya hamsini. Nani angeandika jambo ambalo kila mzazi wa Tanzania analijua? Safu ya madaraja, ambayo ingewaonyesha herufi A mstari baada ya mstari, ilikatika kwenye kopi. Kule Muscat wakaona mtoto asiyefikisha nusu katika somo lolote.

Nilikasirika, na hasira ile ninayo hadi leo. Kosa la hesabu husahihishwa. Kilichoniuma ni kwamba picha ya theluji na namba bila kipimo vilitosha kumhukumu, wala hakuna aliyejaribu kumuuliza lolote kwa lugha aliyofundishwa nayo. Mtoto huyu amejifunza sayansi yote aijuayo kwa Kiswahili. Angeulizwa maji yanakupwa kwa nini, angesimama akaeleza mwezi na jua. Kurudishwa madarasa mawili kungemketisha na watoto wadogo kwa mambo anayoyajua tayari, na huko angejifunza kitu kimoja tu, kwamba yeye ni mjinga. Mzazi unayehama, pigania hapo. Omba mtoto apimwe hesabu kwa karatasi isiyo na maneno mengi. Omba aandike ukurasa kwa lugha yake, wao watafute wa kuusoma. Omba awekwe na wa rika lake na aongezewe vipindi vya Kiingereza, ndilo pengo lake la kweli. Na ripoti yako isitoke nchini bila barua inayoeleza alama zimepimwa kwa ngapi.

Mwalimu mkuu wetu aliandika barua hiyo siku ileile niliyomwendea, akapiga muhuri, akapiga na mwingine pembeni kwa msisitizo. Shule ya kwanza ilishukuru kwa ufafanuzi na kushikilia ushauri wake. Shule ya pili, ndogo, ambayo baba watoto alikuwa ameitaja kwa kuipitia tu, ilituma karatasi ya hesabu. Mtoto aliifanya kichuguuni huku mjomba akimfukuzia mbuzi, akaimaliza kabla ya muda. Kisha wakamtaka aandike kwa Kiswahili chochote akijuacho vizuri. Aliandika namna ngalawa inavyopandishwa pwani wakati wa kusi, kila mtu akae wapi na nani aimbe. Walimpata mfanyakazi wao anayejua Kiswahili, na Muscat hilo si gumu, akawasomea. Akakubaliwa kwenye darasa la umri wake, na Kiingereza cha ziada kila asubuhi.

Hapo baraza likagawanyika. Shule kubwa ina bwawa la kuogelea, uwanja wa nyasi na ukumbi, na tayari ilikuwa imempokea binti. Wifi alitaka watoto wapate mazuri hayo. Mjomba akauliza mtoto wa Mkwaja anapelekwa bwawani akafundishwe nini. Mama mkwe akasema watoto wa tumbo moja wapande gari moja. Mimi nilikuwa na swali la njia ya kurudi. Binti anataka kusomea bahari, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja. Mkataba wa fundi una mwisho, na siku ukiisha lazima masomo yake ya kule yatambulike hapa. Shule ndogo hufanyisha mitihani ya IGCSE ya Cambridge, na vyeti vya nje vya namna hiyo hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kulinganishwa na vyetu. Niliposikia hivyo, hamu ya bwawa ikaniishia. Tukawapeleka wote shule ndogo.

Tuliingia Muscat katikati ya muhula. Wiki yao huanza Jumapili, basi la shule hupita alfajiri kwa ajili ya joto, na mama mkwe bado hupiga simu Jumapili asubuhi akitaka kusalimiwa na wajukuu, anaambiwa wako darasani, anakata simu akidhani tunamficha ugonjwa.

Muhula huu binti aliletewa fomu ya masomo ya kuchagua. Kiswahili hakikuwemo. Nilikwenda shuleni kuwaambia kwamba Cambridge wana mtihani wa Kiswahili katika IGCSE, na kwamba ninaomba mwanangu aufanye. Mratibu aliangalia, akakiri upo, akasema watamsajili iwapo mwalimu tutamtafuta wenyewe. Tumempata mtaa wa pili kutoka kwetu, mama wa Kipemba aliyefundisha miaka mingi kabla ya kuhamia huku kwa wanawe. Sharti lake ni kwamba mlangoni kwake mtoto avue viatu na Kiingereza. Masomo ni Jumatatu na Jumatano baada ya alasiri, na mdogo wake, ambaye fomu haimhusu, naye amekwishaanza kuhudhuria.