Usiache Mbachao: Mambo Sita ya Kupima Kabla ya Kuibadili Jina Tovuti Yako

Tovuti yako ina miaka minane na watu wameizoea, ila wewe jina limekuchosha. Umeshapata jingine, fupi, tamu mdomoni, na kikoa chake bado hakina mwenyewe. Kabla hujalipia, ndugu yangu, njoo tuhesabu kutoka sita kushuka.

6. Limechoka jina, au umechoka wewe?
Mwenye nyumba ndiye anayeshinda akiitazama rangi ya ukuta. Mgeni anatafuta mlango. Anza na nembo mpya na menyu iliyopangwa vizuri, ulale siku tatu. Wengi huamka wamepona.

5. Mtaani watakuitaje?
Twitter ilianza kuitwa X Julai 2023, na Mei 2024 anwani nayo ikahamia x.com. Mpaka leo utasikia, "Nimeiona Twitter." HBO Max, wale wa filamu za mtandaoni, nao walijikata jina wakawa Max mwaka 2023, na 2025 wakarudi HBO Max. Safari ya miaka miwili, wameshuka kituo kilekile walichopandia.

4. Jina linabana?
Hapa nakuunga mkono. Aliyeanza na viatu vya watoto akaviandika kwenye jina, na sasa anauza magodoro, abadili leo. Mguu umekua. JamiiForums, jukwaa la mijadala la Tanzania, ilianza mwaka 2006 ikiitwa Jambo Forums, na jina la pili ndilo lililoota mizizi. Salamu ilikuwa nzuri, lakini jamii ina nafasi zaidi ya kukaa.

3. Namba yako ni ipi?
Hili nalipenda kuliko yote. Kenya kuna mtandao wa simu ulioanza kama KenCell, ukawa Celtel, ukawa Zain, na tangu 2010 ni Airtel. Majina manne! Lakini mwenye 0733 yake hakulazimika kumpigia shangazi kumpa namba mpya. Mabango yalibadilika, simu ikaendelea kuita. Kwenye tovuti, namba ya simu ni anwani ya kila ukurasa: ile iliyohifadhiwa, iliyotumwa WhatsApp, iliyowekwa kiungo na tovuti nyingine. Badili bango upendavyo. Namba ilinde.

2. Nani atabaki mlango wa zamani?
Ukihama kikoa, kila anwani ya zamani ielekezwe moja kwa moja kwenye ukurasa wake mpya, kwa amri ambayo mafundi huiita 301. Usiwatupe wageni wote kwenye ukurasa wa mwanzo. Aliyekuja kwa pilau usimwonyeshe jiko ukaondoka. Wajulishe Google kupitia Search Console, ambako kuna zana maalumu ya kubadili anwani. Wao hushauri maelekezo hayo yakae angalau mwaka mmoja. Mimi nasema kikoa cha zamani kilipie kila mwaka maadamu una uwezo, maana ukikiachia atakichukua mwingine, na wasomaji wako watakaribishwa kubeti. Tena usibadili jina, sura na mpangilio wa kurasa siku moja. Wageni wakipungua, utamshika nani shati?

1. Unaanza upya kwa sababu gani hasa?
Ziko sababu za kweli. Kikoa ulikinunua kwa mtu na kimeshaadhibiwa na Google. Jina ni alama ya biashara ya mwingine. Au kazi ni nyingine kabisa na wasomaji ni wengine. Basi jenga upya, na ujenge kwa furaha. Nje ya hapo, mkumbuke mtu mmoja. Miaka kadhaa iliyopita uliandika makala ya namna ya kuomba TIN, namba ya mlipakodi, na usiku huu kuna kijana amekwama anaisoma. Jina la tovuti halijui. Alichonacho ni kiungo alichotumiwa na dada yake. Kesho akikibonyeza tena, afike.