Kiporo cha Mikoa

Mimi kiporo sikichukii. Wali wa jana ukipashwa vizuri, na chai ya rangi pembeni, unanifikisha saa saba mchana bila kunung'unika. Ninachochukia ni kupakuliwa kiporo huku naapiwa kwamba ndiyo kwanza chungu kimeepuliwa. Na aliyenifanyia hivyo safari hii si mtu, ni kiprogramu.

Kazi yangu ni kugawa madaftari. Kubeba wanabeba wengine. Mimi nagawa kwenye karatasi, mkoa wenye watu wengi katoni nyingi, wenye watu wachache katoni chache. Takwimu za sensa ni huria, anayetaka anapakua bure. Basi zamani kijana mmoja wa kompyuta alinitengenezea kiprogramu cha kwenda mtandaoni, kuchukua idadi ya watu kwa kila mkoa na kunipigia hesabu. Nabonyeza, sekunde mbili, jedwali hili hapa. Nilikuwa nawaita wageni waje kuona kasi ile. Kumbe kilikuwa na kasi kwa sababu hakikuwa kinakwenda popote.

Juzi akanipigia wakala wetu mpya wa Vwawa. Mtu mpole: habari za nyumbani, habari za mvua, habari za foleni za Dar, kisha, "Samahani kaka, hivi kwenye mgawo sisi mmetuweka wapi?"

Nikafungua jedwali. Songwe hakuna. Mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake hapo hapo Vwawa anakopigia simu, kwangu haujazaliwa. Jasho likaanza. Nikateremka hadi jumla ya nchi: watu 44,928,923. Hiyo ni sensa ya 2012! Ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Yaani nimekuwa nikigawia nchi iliyopungua watu karibu milioni 17, na usisahau kwamba waliozaliwa katikati hapo ndio wenye kuhitaji daftari.

"Mzee, hiyo ni kache," akaniambia kijana, bila haya hata kidogo. Maana yake, kiprogramu kilileta takwimu mara moja tu, kikazificha kwenye folda ambayo sijawahi kuiona, na tangu siku hiyo kinachota humo humo. Eti kinaniokolea bando. Kulikuwa na neno la kukiamuru kilete upya, nilipaswa kuliandika mwenyewe kila ninapotaka. Neno hilo lilikuwa kwenye maelekezo, ukurasa wa mwisho, mahali ambapo watu huweka shukrani.

Kumbe programu zenye adabu huuliza kwanza: hiki nilichonacho kimebadilika tangu tarehe fulani? Kama bado, seva hujibu kwa namba 304, maana yake tumia hicho hicho. Swali lenyewe halili bando la kutisha. Changu hakikuwahi kuuliza. Kila asubuhi kiliniandikia "Data ziko tayari", na siwezi kusema kilidanganya.

Phil Karlton, mhandisi aliyekuwa Netscape, anatajwa kuwa ndiye aliyesema kwamba kwenye kompyuta mambo magumu ni mawili tu: kujua wakati wa kuitupa kache, na kuvipa vitu majina. Yote mawili yamenipata. Faili lile lililofichwa linaitwa mikoa_mpya.

Saa nne usiku nikaandika neno la kuleta upya. Sasa sikiliza ujinga. Kiprogramu kikafuta takwimu za zamani, *kisha* ndiyo kikaanza kupakua mpya. Katikati ya safari bando likakata. Nikabaki sina za 2012 wala za 2022. Jamani, ni mpishi gani anayemwagia kuku kiporo kabla hajajua kama mkaa upo? Nikamwamsha mama watoto anirushie bando kutoka kwenye simu yake. Akanirushia, pamoja na maneno ambayo hapa hayaandikiki.

Saa saba usiku takwimu mpya zikafika. Safu zimehamishwa, vichwa vya safu vimebadilishwa, na kiprogramu kikakataa kuitambua Dar es Salaam kwa sababu ya vistari viwili katikati ya jina. Nikavifuta kwa mkono.

Wakala wa Vwawa ameshapata mgawo wake, maana Songwe peke yake ina watu zaidi ya milioni 1.3, na amenishukuru kwa salamu ndefu vile vile. Lakini Mbeya, iliyosomeka milioni 2.7 kwenye kiporo, bila Songwe ni milioni 2.3. Wakala wa Mbeya amepiga simu mara tatu tangu asubuhi kuuliza nani amempunguzia katoni. Sijapokea.