Gramu Tatu Kwenye Stetasi

Makongolosi, mji wa wachimbaji dhahabu, mtu haulizwi amepata gramu ngapi. Tangu dhahabu ya Lupa ianze kuwavuta watu miaka ya 1920, mchimbaji amezoea kujibu "tunasukuma tu" hata mfuko ukiwa umetuna. Mke huambiwa nusu. Wanaomdai huambiwa duara, yaani shimo la kuchimbia, limejaa maji. Anayemtafuta mtaalamu wa faragha asihangaike kwenda chuo kikuu. Wapo tele pale kwenye makarasha ya kusaga mawe.

Ndiyo maana kisa cha baba mmoja wa mji huo kiliwavunja watu mbavu. Usiku alikuwa mezani, kijitonge cha dhahabu kikiwa juu ya mzani mdogo, akisubiri kupambazuke akipeleke soko la madini. Binti yake wa darasa la sita akapiga picha kwa simu ya mama na kuiweka stetasi ya WhatsApp: "Leo baba hajanuna." Tarakimu za mzani zilisomeka vizuri kabisa, 3.42.

Alfajiri mwenye duka alikuwa mlangoni. Akafuata fundi wa pampu, kisha mwenyekiti wa kikoba, aliyesema alikuwa anapita tu.

Baba akapiga marufuku simu. Marufuku yenyewe haikufika jioni, kwani mama alimwita binti huyohuyo amwangalizie salio. WhatsApp na TikTok zinataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13, lakini simu ya mama ilishatimiza umri huo kwa niaba ya nyumba nzima. Namba ya siri ya pesa nayo ni mwaka aliozaliwa kifunguamimba. Hata watoto wa jirani wanaijua.

Aliyeokoa jahazi ni shangazi, mwalimu wa msingi, ambaye hakufoka.

"Hii picha nani kaiona, mwanangu?"

"Rafiki zake mama."

Wakafungua orodha ya waliotazama. Kulikuwa na fundi bomba aliyekuja mara moja tu, muuza mitumba, na mtu aliyehifadhiwa kwa jina la Boda Mkwajuni. Shangazi akamwonyesha kwenye mipangilio jinsi ya kuchagua watazamaji, na kwamba stetasi hufutika baada ya saa 24, ila siyo kwenye simu ya aliyeinakili. Kisha akamgeukia mama, ambaye kila shule zikifunguliwa humweka binti stetasi akiwa na sweta lenye jina la shule kifuani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, pamoja na za miamala ya fedha. Haikutungwa kwa ajili ya stetasi za akina mama, lakini mama alinyamaza.

Binti akaelekezwa pia kwamba ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hupelekwa 15040, na mtu mzima akimsumbua mtandaoni apige 116, bure. Na asimwambie asiyemjua baba yuko wapi.

Hilo la mwisho alilishika kupita kiasi. Bibi alipiga kutoka Tukuyu kwa simu ya kuazima, akimuulizia mwanawe.

"Shikamoo. Kabla hatujaendelea, ng'ombe wako mwekundu anaitwa nani?"

Bibi, kwa hasira, akalitaja jina.

"Hilo halitoshi. Mjomba alishaliweka stetasi juzi."

Bibi akakata simu, akampigia jirani kuuliza huyo mtoto siku hizi wanamlisha nini.