Taa Kwanza, Redio Baadaye: Mwongozo kwa Dereva wa Usiku wa Arusha

Arusha kuna gari unalisikia kabla hujaliona. Spika zake zinatikisa vioo vya maduka ya Barabara ya Sokoine, rimu zinameta, na kioo cha nyuma kina maandishi makubwa ya kuwaonya wenye wivu. Likikufikia ndipo unaelewa kwa nini hukuliona mapema: taa zake za mbele ni kibatari kilichobakiwa na mafuta ya dakika tano.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari hilo. Nitamcheka, kwa sababu mtu anayenunua spika kabla ya globu anastahili kuchekwa. Lakini nataka afike kwake Engutoto akiwa mzima, na mama anayerudi kutoka sokoni Kilombero, ndoo kichwani, naye afike kwake.

Huku kwetu jua halibembelezi. Mwaka mzima, saa moja ikishapita kidogo, giza limetanda. Juni na Julai Mlima Meru unatushushia ukungu na manyunyu, na kiangazi kinaleta vumbi jepesi linaloganda kwenye kila kioo. Tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi, barabara ya Moshi haina saa ya kulala. Kwa hiyo dereva mwenye taa mbovu hana tena pa kujificha. Afuate hatua hizi.

Hatua ya 1: Acha kusema "naona tu"

Hii ndiyo kauli ya taifa ya wenye taa mbovu. Anayeona tu ni yule aliyezizoea taa zake zikififia polepole, mwezi baada ya mwezi, mpaka jicho likakubali giza kuwa hali ya kawaida. Usiulize jicho. Uliza ukuta.

Tafuta ukuta na sehemu iliyo sawa, isiyo na mteremko. Kwa mji uliojengwa miguuni mwa mlima hilo ni zoezi kidogo, ila uwanja wa shule au wa kanisa unatosha ukiomba ruhusa. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha taa kutoka chini, kiweke alama ukutani kwa chaki, kisha washa dimu. Mstari unaotenganisha mwanga na giza unatakiwa uwe sentimita 10 hivi chini ya alama yako. Ukiwa juu zaidi, unawapofusha wenzako. Ukiwa chini sana, unamulika bampa yako mwenyewe. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa, na fundi anazijua.

Hapo hapo hesabu taa. Ndiyo, hesabu: moja, mbili. Gari chongo ni hatari kuliko mwenye nalo anavyodhani, maana anayekuja mbele yako anadhani ni bodaboda na anajipangia nafasi ya bodaboda. Iliyokufa ikiwa ni ya kulia, iliyo upande wa katikati ya barabara, basi nusu nzima ya gari lako inamjia mwenzako bila hodi.

Hatua ya 2: Osha taa, kisha yaachie meno dawa yake

Kabla ya fundi, kabla ya duka la spea, chukua kitambaa na maji. Safari moja ya vumbi la Monduli inatosha kula mwanga wako. Wakati unaosha, futa na kioo cha mbele, ndani na nje. Utando wa mafuta ulio ndani ya kioo ndio unaogeuza taa za anayekuja kuwa pazia jeupe.

Kama taa ni safi na bado ina rangi ya chai ya maziwa, tatizo ni kioo chenyewe, ambacho kwenye magari mengi ya siku hizi si kioo bali plastiki ngumu. Jua huila ngozi yake ya juu ikawa njano na yenye ukungu. Hapa ndipo kila kijiwe kina mtaalamu wa dawa ya meno. Inang'arisha kweli, kwa sababu ina chembechembe zinazosugua ule unjano. Lakini haiachi kinga yoyote nyuma yake, na jua linaanza upya siku hiyo hiyo. Ukitaka kazi idumu, taa isuguliwe kwa msasa wa maji, uanzie ule wa namba 800 au 1000, uende 2000, ipigwe polishi, kisha ipakwe rangi angavu inayozuia miale ya jua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo iliyo kazi yenyewe.

Wenzetu wa Land Rover za zamani, waliojaa mjini humu Oktoba 2024 kwenye tamasha lao, taa zao za duara ni kioo halisi na haziwi njano. Wasivimbe vichwa. Ugonjwa wao uko ndani: ile sahani ya kung'aa nyuma ya globu hubanduka na kushika kutu, na sahani iliyokufa haing'arishwi na chochote. Inabadilishwa.

Hatua ya 3: Mpe fundi umeme nafasi ya kupima

Dereva anafika gereji na hukumu tayari mkononi.

"Fundi, taa hazifiki mbali. Niwekee globu kubwa."

"Bosi, globu yako haina kosa. Tupime kwanza."

Fundi anaweka mita kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma: volti 14. Anaihamishia kwenye soketi ya globu, taa zikiwa zimewashwa: volti 12 na kidogo. Anaufuata waya wa erthi mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Anaukuta umeota ukijani, na nati yake anaizungusha kwa vidole viwili. Anapiga msasa, anabadilisha nati, anakaza, anapima tena. Taa zinaamka, na hakuna kilichonunuliwa zaidi ya nati.

Umeme wa taa za kawaida hausamehe. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Dereva huyu alikuwa anapoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake kwenye nati moja. Kama betri yenyewe inasoma chini ya volti 13.5 injini ikiwa inazunguka, itazame altaneta na mkanda wake. Taa zinazopanda na kushuka unapokanyaga mafuta zinakuambia habari hiyo hiyo.

Globu ikiwa imechoka kweli, badilisha zote mbili kwa pamoja, maana zimezeeka pamoja. Usishike kile kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono yanaunguzwa na joto, na globu mpya inakufa mapema. Na ile globu ya wati 100 uliyoonyeshwa dukani kwa siri, iache hapo hapo dukani. Taa iliyotengenezwa kwa wati 55 au 60 itayeyuka soketi, itaungua waya na sahani yake ya ndani. Utapata wiki chache za ushujaa na gharama ya taa nzima.

Hatua ya 4: Usipandikize jua kwenye nyumba ya globu

Kuna dereva aliyechoka na giza akaamua giza hilo awahamishie wengine. Amenunua globu za LED nyeupe zinazoelekea bluu, akazichomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa globu ya kawaida. Sasa anaamini anaona kama mchana, na kila anayekutana naye kati ya Kisongo na mjini anamtaja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika.

Taa ya gari ni kifaa cha vipimo. Sahani yake imekunjwa ili kuukusanya mwanga unaotoka mahali pamoja hasa, pale ulipo uzi wa globu. Ukiweka chanzo chenye umbo jingine, mwanga unasambaa ovyo: mwingi mbele ya bampa, mwingi kwenye macho ya wenzako, na kidogo kule mbali unakouhitaji. Anayezichomeka anaona lami ya mbele ya gari imewaka, anaridhika. Kule mita 60 mbele, aliko mchunga ng'ombe, hakujabadilika kitu. Na kwenye ukungu wa Meru, mwanga mkali mweupe unagonga matone na kumrudia usoni. Gari lililotoka kiwandani na LED lina taa iliyotengenezwa kwa LED. Hiyo ndiyo tofauti.

Angalia pia asili ya gari. Magari ya Japani yanaendeshwa kushoto kama sisi, kwa hiyo dimu zake zinanyanyuka kidogo upande wa kushoto, wanakotembea watu. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia linanyanyua mwanga upande wa kulia, moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja. Ukiwa nalo, badilisha taa.

Hatua ya 5: Ukipakia ndizi, kumbuka pua

Noah imetoka Tengeru siku ya soko. Nyuma kuna mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, na shangazi watatu ambao hawakuwa kwenye hesabu. Mkia umekaa chini, pua imeinuka, na taa zinakagua kilele cha Meru, mita 4,562 juu ya bahari. Kule hakuna anayevuka barabara.

Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtoto achezee. Ukipakia, kizungushe kwenda namba ya juu, na taa zinashuka. Ukishusha mzigo, kirudishe. Gari lako likikosa kigurudumu hicho, panga mzigo mzito mbele, na shangazi wawili wasubiri gari lingine.

Hatua ya 6: Mwendo wako usizidi mwanga wako

Ukisahau hatua nyingine zote, ishike hii. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gari linakata mita 22 kila sekunde. Mpaka macho yaone, akili iamue na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imepita: mita 33 zimekwisha na bado hujapunguza chochote. Breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita nyingine 35. Jumla ni karibu mita 70. Dimu nzuri, zilizopangwa vizuri, zinakuonyesha mtu mwenye nguo za giza kwenye mita 50 hivi.

Toa mwenyewe. Zinapungua mita 20, na humo ndimo anamosimama mzee mwenye shuka jeusi, punda wa Kisongo, tuta lisilopakwa rangi, au Fuso iliyokufa bila hata reflekta moja. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo chetu cha maeneo ya makazi, unasimama kwenye mita 35 hivi, na mtu huyo anaendelea na safari yake akikutukana. Matusi hayo ni matunda mazuri ya udereva bora. Kama taa zako ni mbovu na mvua inanyesha, hata 50 ni nyingi.

Hatua ya 7: Ful si hoja ya kubishania

Barabara ikiwa tupu, washa ful. Ndiyo kazi yake. Ukiona mwanga wa mwenzako, hata kabla gari lenyewe halijatokeza kwenye kona, rudisha dimu. Ukimfuata mtu, rudisha dimu pia, kwa sababu kioo chake cha nyuma kinampa kila unachomtumia. Mwenzako akikataa kushusha, usimlipizie. Magari mawili yenye madereva waliopofuka hayajawahi kuamua nani mjanja. Punguza mwendo, peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami, na subiri apite. Hata akishapita, jicho linahitaji sekunde kadhaa kurudi, na sekunde hizo ndizo za kwenda polepole.

Hatua ya 8: Zikizima kabisa, zima na safari

Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani iliyo kwenye kioo chako haimuliki. Wala huwezi kukodi taa za mwenzako: yule anayezimikiwa Maji ya Chai akajibandika nyuma ya basi ili afuate taa zake nyekundu mpaka mjini, anaona basi tu. Basi likikwepa kitu, yeye ndiye atakayekigonga.

Washa hazadi, toka nje kabisa ya lami, weka pembetatu ya tahadhari mbali nyuma ya gari, hatua 50 au zaidi kwenye barabara kuu. Kama huna na umetumia matawi ya miti kama wafanyavyo wengi wetu, basi ukiondoka yaondoe, pamoja na yale mawe uliyowekea tairi. Jiwe lililosahauliwa ni ajali uliyomwachia mtu usiyemjua. Abiria wasimame mbali na barabara, si nyuma ya gari. Kagua fyuzi, maana mara nyingine ni hiyo tu, na fyuzi ya akiba bei yake ni ndogo kuliko soda.

Kama si fyuzi, lala hapo ulipo au tafuta gari la kukuvuta mchana. Abiria watalalamika, konda atanuna, na tajiri mwenye gari atapiga simu mara tatu. Waache wote waseme. Kesho asubuhi watakuwa wazima, na watapanda tena.