Mheshimiwa Ekzosi wa Sapiwi

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, sifa zake nyingi zimekwenda kwa pamba. Hata sherehe za kitaifa za Nane Nane zilipofanyika Nyakabindi, Bariadi, miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018, zilisifiwa mbegu, zana na mifugo, watu wakapiga makofi, wakapanda bodaboda wakarudi makwao. Hakuna aliyemkumbuka yule aliyekuwa akiwatangaza kijiji kwa kijiji njia nzima: ekzosi ya kununua, fupi, inayong'aa, yenye mdomo ulioinuka, iliyofungwa kwenye pikipiki ya keria. Dhuluma hiyo imedumu mno, na inafaa ikome leo.

Kwanza ifahamike imechukua nafasi ya nani. Boxer, TVS au SanLG ikitoka dukani huja na ekzosi ya kampuni: bomba refu linaloshuka kutoka kwenye silinda, likapita chini upande wa kulia na kuishia jirani na ekseli ya tairi la nyuma. Limevikwa bati lenye matundu ili mguu ukiligusa usiungue. Haligombani na mzigo, halimwamshi mtoto, halimtishi ng'ombe. Kwa kifupi, ni bomba lisilojiamini.

Ekzosi ya kununua ina nasaba ya uasi. Mwaka 1897 huko Marekani, ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya chombo cha kupunguza kelele za injini. Mwaka 1909 Mmarekani mwingine, Hiram Percy Maxim, akapata hataza ya kiziba sauti cha bunduki, kisha elimu hiyohiyo akaipeleka kwenye injini. Ndani ya sailensa kuna vyumba na mirija inayoulazimisha moshi kuzunguka, kupanuka na kupoa kabla ya kutoka, hadi mshindo unafia humohumo. Kazi hiyo ya zaidi ya miaka 120 fundi wa Sapiwi, hukuhuku Bariadi, anaifuta kwa spana namba 10, na chai yake bado ya moto. Wamarekani watatu wameshindwa asubuhi moja chini ya mwembe.

Matokeo yake ni uwazi ambao taasisi nyingi zingeuonea wivu. Injini ya mipigo minne hulipuka mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 kila sekunde. Ekzosi ya kampuni huificha yote. Ya kununua huikabidhi kwa wananchi mmoja baada ya mwingine, bila makato.

Na Usukumani ndiko hasa kunakostahili neema hiyo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo ushindani wake ulianza na waganga Ngika na Gumha, vimeshindana kwa vizazi kwa kanuni rahisi: ngoma zote mbili huchezwa kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Wapo walioingia uwanjani na nyoka, wapo walioingia na fisi. Kijana anayekata kona sokoni huku ekzosi ikinguruma anafuata kanuni ileile, tofauti ni kwamba watazamaji wake hawakupewa nafasi ya kwenda kwa mpinzani.

Wakubwa wa dunia nao wanaielewa thamani hii. Mwaka 1994 kampuni ya Harley-Davidson iliomba huko Marekani sauti ya pikipiki zake isajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Washindani walipinga, mabishano yakaendelea miaka sita, na mwaka 2000 kampuni ikaliondoa ombi hilo. Sapiwi hakuna aliyeomba usajili wa sauti. Hakuna haja, kwani kila mwenye nyumba kando ya barabara anaijua kila pikipiki kabla haijatokea.

Waumini wake husema inaongeza mbio. Boxer ya cc 100 ina nguvu ya farasi 8 hivi, kwa hiyo hata nyongeza ndogo ingepokelewa kwa shukrani. Tatizo ni kabureta, ambayo haina habari na mapinduzi yaliyofanyika nyuma. Moshi ukitoka kwa wepesi, injini huvuta hewa zaidi, lakini jeti ya kiwandani inaendelea kutoa petroli kwa kipimo chake cha zamani. Hewa inazidi petroli, injini inachemka, plagi inapauka. Dereva akirudisha mkono wa mafuta kwenye mteremko, petroli ambayo haikuwaka ndani ya silinda inawakia ndani ya bomba, pa! pa!, na watoto wanashangilia. Fundi mwenye kujua hufunga jeti kubwa zaidi ili kurekebisha mchanganyiko, na hapo mafuta huongezeka. Kuhusu mbio zenyewe, dereva aliyepakia mshikaki hana namna ya kuzionja. Anachokipata ni kelele za mwendo wa 100 akiwa anatembea 40, na hiyo ni salama kuliko kinyume chake.

Lakini fadhila kubwa ya mheshimiwa huonekana anapokutana na keria.

Pikipiki isiyo na keria mashambani ni chombo cha matembezi. Vyuma vilivyochomelewa pembeni na nyuma ya siti ndivyo vinavyobeba maisha: dumu la lita 20 kila upande, kiroba cha mahindi, kuku walioning'inizwa, gunia la pamba linalokwenda kituo cha kununulia. Mdomo wa ekzosi ya kununua umeinuliwa kwa ustadi hadi pale hasa dumu la kulia linapokaa. Plastiki ya dumu huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na mfuko wa salfeti kwenye 160 hivi. Bomba jipya lisilo na bati la kinga, hasa sehemu iliyo karibu na injini, huzipita namba zote mbili bila kutoka jasho. Hivyo dumu la lita 20 za maziwa lililotoka zizini likiwa salama linaanza kulegea njiani, na mwenye maziwa anajifunza kwamba pikipiki yake sasa ina upande mmoja tu wa biashara. Dereva anabaki na kilo 20 kushoto na hewa kulia, akiendesha ameinamisha bega. Gunia la pamba kavu likishuka hadi usawa wa mdomo huo siku bomba linapopasua, halitahitaji mwaliko mrefu.

Busara ingesema bomba ndilo lihame. Lakini katika mgogoro wa namna hii mheshimiwa hashindwi kirahisi. Chuma cha keria ndicho kinachokatwa, kinapindwa kwa nje na kuchomelewa upya, ili kitu kisichobeba chochote kipate nafasi ya kupumua. Ukarimu gani unaozidi huu? Kwa shughuli moja amekula muuza spea, mchomeleaji, fundi wa kabureta na muuza madumu. Pamba humpa mkulima pesa mara moja kwa mwaka, ilhali ekzosi huigawa mwaka mzima.

Wapo mafundi wakorofi wasiotaka mgawo huo. Hao hufunga gasketi mpya kwenye silinda. Hupachika nati zote kwa vidole kwanza, ndipo wakaze kuanzia kwenye silinda kwenda nyuma, bomba lisikae kwa kulazimishwa. Huulaza mdomo chini ya chuma cha keria, wakaacha pengo la vidole vitatu, wakarudisha na bati la kinga. Huwakalisha watu wawili juu ya pikipiki ili mkono wa tairi la nyuma ukipanda wajue hakuna kinachogusana. Kabla ya kuchomelea hutoa waya wa betri, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaweza kuua CDI, kifaa kinachoratibu cheche za plagi. Kazi ya watu hawa haina msisimko wowote. Bomba likigusa keria, angalau pikipiki inapata njuga za bure kila inapopita kwenye makorongo, mpaka nyufa zitakapoanza kwenye viungo.

Kuna pia huduma ya utambuzi. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2017 ng'ombe wakapigwa chapa ya moto nchi nzima. Baadaye Serikali ikawahurumia, ikahamia kwenye hereni. Ekzosi iliyovuliwa bati haijalegeza msimamo. Bado hupiga chapa ya moto kwenye shavu la mguu wa kulia, kama walivyopigwa wale ng'ombe, na haibagui mjamzito, mwanafunzi wala diwani. Chuma chenye nyuzi joto 70 huunguza ngozi ndani ya takriban sekunde moja, na bomba la pikipiki huzidi hapo mara kadhaa.

Wengine humsifu kwa ulinzi. Sungusungu walipoanza mapema miaka ya 1980 huku Usukumani na Unyamwezini, walitegemea filimbi na yowe kuwakusanya watu dhidi ya wezi wa ng'ombe. Mwizi mwenye ekzosi ya kununua angejipigia yowe mwenyewe. Ni bahati mbaya tu kwamba wezi huipenda ekzosi ya kampuni.

Masikio nayo yana hesabu yake. Wataalamu wa afya kazini huruhusu saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Dereva anayeshinda barabarani kutwa anazimaliza kabla hajapata abiria wa pili. Baada ya miaka michache hatasikia honi ya lori nyuma yake, na hilo litampa utulivu wa moyo.

Haki itendeke: sifa moja ni ya kweli kabisa. Masika yakishika, udongo mweusi wa mbuga hunata hadi kwenye tairi na vijito hufunika njia. Bomba lililoinuka halichoti tope, na injini ikizimika katikati ya maji hayalipandi kirahisi. Aliyelifunga kwa sababu hiyo, akabakiza sailensa yake ndani, hana wa kumcheka.

Maadui wa mheshimiwa wanaongezeka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inagusa kelele pia. Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa 1968 unataka kila injini ya chombo cha moto inayochoma mafuta iwe na sailensa inayofanya kazi. Hatari kubwa zaidi inatoka Rwanda, ambako ilitangazwa kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali zitakazosajiliwa ni za umeme tu. Hizo hazina ekzosi, ya kampuni wala ya kununua. Zikifika Sapiwi, pande zote mbili za keria zitarudi kwenye biashara, na wachomeleaji watafute kazi nyingine.

Hadi hapo, wasafiri wote wanaombwa kupanda kwa kushoto na kushuka kwa kushoto. Dumu la maziwa lifungwe upande huohuo. Atakayeunguzwa amwagie mguu maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno aiache kwa ajili ya meno.