Barua ya Wazi kwa Makampuni Makubwa ya Teknolojia: Naomba Mnishuhudie Kuwa Ningali Hai

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi,
California, Marekani.

Mimi, mwalimu mstaafu mkaazi wa Tanga, naleta mbele yenu ombi ambalo, kwa ilimu mliyojaaliwa juu ya siri za waja, naamini halitawataabisha hata kidogo.

Kila uhakiki wa wastaafu unapotangazwa, hunilazimu kwenda kuuthibitishia mfuko wangu wa pensheni kwamba roho haijanitoka. Safari iliyopita nilichukua barua ya kustaafu, kitambulisho cha taifa na picha za pasipoti, nikapanga foleni tangu alfajiri pamoja na wazee wenzangu, na zamu yangu ilipowadia, kijana wa dirishani akanishika kidole gumba, akakiweka juu ya mashine, akakipangusa kwa kitambaa, akakiweka tena, kisha akasema kwa adabu zote, "Samahani babu, mashine haikutambui." Chaki ya miaka mingi imekwisha kunifuta alama za vidole, nikarejea nyumbani hali ya kuwa marehemu kwa kauli ya mashine, ijapokuwa njaa ilikuwa ikiniuma vilevile.

Nyinyi hamjapata kunitilia shaka. Mwajua kwamba huamka saa kumi usiku nikafungua simu kutazama wakati wa sala. Kwamba baada ya chai husikiliza taarabu za zamani mpaka bando linikatikie. Na kwamba goti langu la kushoto ni bovu, jambo ambalo sikumfunulia mtu ila mke wangu, nikaiuliza na simu dawa yake, na kabla ya adhuhuri mkawa mmeniletea matangazo ya mafuta ya kuchua na mikongojo ya kila namna. (Mfuko haujaniletea hata pole.) Basi itawaelemea nini kuuandikia mfuko wangu waraka mfupi: huyu yu hai, ameonekana leo asubuhi, anachechemea?

Wala sikuja kuwadai fedha. Sisi walimu tumekwisha kuzoea hesabu zinazokwenda kinyumenyume: kikokotoo cha pensheni cha 2018 kilitaka kutushushia malipo ya mkupuo kutoka 50% hadi 25%, kikaahirishwa baada ya makelele, kikarejea Julai 2022 kikiwa na 33%, hata 2024 tukapandishiwa hadi 40%, tukashukuru kama tuliopewa hidaya. Lakini nilipopata habari kwamba Mfuko wa Pensheni wa Serikali ya Norwei una hisa katika Apple, Meta na Alphabet yenye kumiliki Google, nilistaajabu kuona kwamba taarabu zangu, pamoja na matangazo yenu ya mikongojo, zinatia tone katika akiba ya wazee wa Oslo, na bando nalinunua mimi. Kwa insafu ningaliweza kuwataka mnichangie ile 15% ambayo serikali humchangia mtumishi wake, maana kazi ya kutazama matangazo yenu naifanya usiku na mchana, bila likizo, ila nimeona haya.

Sharti langu ni moja. Siku mtakapoona simu yangu imenyamaza, msikimbilie kuupasha mfuko habari. Ngojeni kwanza mke wangu amalize eda yake, miezi minne na siku kumi, ndipo mwandike waraka wa pili.

Wenu mtiifu,
Mwalimu Mstaafu, Tanga.