Mama Mkwe Yuko Hewani

Mwezi wa saba Dodoma hauna mchezo. Upepo unaamka kabla ya watu, vumbi linaufuata, na wenyeji kwa wageni wanatembea wamevuta kofia za majaketi hadi kwenye nyusi kama wanaokwepa wadai. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwandishi wa makala haya alikuwa akikatiza Nyerere Square na hedifoni ndogo zisizo na waya masikioni, akiitikia muziki wa dansi kwa sauti ambayo nyumbani kwake imepigwa marufuku.

Kofia ikaisukuma hedifoni ya kulia, ikalegea. Akairudisha kwa kidole, tap tap. Muziki ukakatika, ukaingia mlio wa simu inayoita. Yeye, akidhani wimbo umegoma, akaendelea kuimba peke yake.

“Haloo?”

Mama mkwe, Kongwa.

Hedifoni nyingi za aina hii hazina kitufe. Ubavuni zina kisehemu laini kinachohisi kidole: gusa mara moja, muziki unasimama, gusa mara mbili, hizi za mwandishi zinapiga namba ya mwisho uliyopiga. Taabu ni kwamba hedifoni ikilegea huwezi kuirekebisha bila kuigusa, na ukishaigusa umekwisha kuiamuru.

Walkman ya kwanza ya Sony, iliyoingia madukani Japani Julai 1979, haikuwa na utata huo. Vitufe vyake vilibonyea kweli, kidole kikajua kimefanya nini. Ilikuwa hata na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili waongee. Waliokulia kwenye kaseti watakumbuka karaha zake: betri zikichoka mwimbaji anaburuza maneno kama mlevi, zinaanikwa juani, na kanda inarudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili kubana matumizi. Lakini ukibonyeza kusimamisha, ilisimama.

Baadaye vitufe vikaanza kuhamahama. Machi 2009 Apple walitoa iPod shuffle isiyo na vitufe vya muziki mwilini. Vyote vilihamia kwenye waya wa hedifoni. Kubonyeza mara mbili ni wimbo unaofuata, mara tatu ni kurudi nyuma. Mwenye kidole kizito alitaka kurudi, akajikuta mbele. Mwaka uliofuata vitufe vilirudishwa mahali pake.

Waya nao una vituko vyake. Plagi ya hedifoni zenye maiki ina sehemu nne, na watengenezaji walizipanga kwa mitindo miwili: pale mmoja alipoweka maiki, mwingine ameweka njia ya kurudishia umeme. Ukichomeka mtindo huu kwenye simu ya mtindo ule, njia hiyo inapotea, na kinachofutika ni sauti iliyo sawa kulia na kushoto. Mara nyingi huyo ndiye mwimbaji.

Mwandishi aliwahi kununua pea ya namna hiyo kwa mmachinga, akapanda basi la Kondoa. Magitaa yapo, tarumbeta zipo, mwimbaji yuko chini ya kisima. Katika kuhangaika akagundua kwamba akikishikilia kitufe cha kwenye waya, mwimbaji anapanda juu. Kumbe kitufe kile kazi yake ni kuunganisha waya wa maiki na ile njia iliyopotea. Basi akakishikilia, zaidi ya kilomita 150. Njiani mzee wa kiti cha pembeni akamkaribisha karanga. Akazipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umemshika mwimbaji. Mzee hakumsemesha tena.

Pale Nyerere Square, hapakuwa na kitufe cha kushikilia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nilikuwa napepeta uwele, nikasikia unaimba. Endelea tu.”

Aliomba radhi, akauliza hali ya mifugo, akaaga. Hatua chache mbele upepo ukarudi, kofia ikasukuma, hedifoni ikaanza kuchomoka. Mkono ukapanda, ukaganda hewani, ukarudi mfukoni. Akainamisha kichwa upande mmoja ili isidondoke, akatembea hivyo hadi kazini.

“Pole, bosi,” mlinzi akamwambia getini. “Umelalia shingo?”